Choo cha Simbilisi Wawili wa Winterthur

Nchini Uswisi ni kosa kufuga simbilisi mmoja. Hayo si maneno ya kijiweni. Kanuni za ulinzi wa wanyama zilizoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2008 zinasema mnyama wa jamii inayoishi kwa kundi lazima awe na mwenzake, na simbilisi wamo, sawa na kasuku. Ukikutwa na mmoja amejikunyata peke yake kizimbani, mkosaji ni wewe. Tena kanuni hazikuishia hapo. Simbilisi wawili wapewe angalau nusu mita ya mraba, wawe na pa kujificha panapowatosha wote kwa pamoja, wapate hei, kitu cha kuguguna, na chakula chenye vitamini C. Kuna wapangaji Kariakoo ambao wakisoma orodha hiyo watauliza fomu zinachukuliwa wapi.

Ndugu zetu wa Njombe, Makambako na Ludewa wasicheke kwanza, maana yaliyomkuta mwenzao ni marefu kuliko hayo.

Mwenzao huyo ni fundi umeme, mzaliwa wa Njombe, mkazi wa Winterthur, mji ulio kaskazini mashariki ya Zürich, mwendo wa treni usiofika nusu saa. Mkewe ni nesi. Watoto wao ni wawili: binti wa darasa la nne, na mdogo wake wa kiume ambaye hadi leo anaogopa kuku. Binti ndiye aliyeleta hoja mezani. Wenzake shuleni wana wanyama nyumbani, naye anataka simbilisi. Fundi alikubali upesi kuliko ilivyo desturi ya akina baba, kwa sababu simbilisi anawajua. Amekua nao. Mtu asiyewajua angeuliza maswali mawili matatu.

Kule nyanda za juu kusini simbilisi ni mifugo ya jikoni. Wanashinda karibu na mafiga kwa ajili ya joto, wanakula majani aliyokuja nayo mtoto kutoka shule pamoja na mabaki ya mboga, na mgeni akipiga hodi wanatimkia nyuma ya kuni. Choo chao ni sakafu nzima. Asubuhi unapitishwa ufagio, kinachopatikana kinaingia kwenye kizoleo, kinakwenda shambani, biashara imekwisha. Hakuna mtu Njombe aliyewahi kumfundisha simbilisi jambo lolote, ila kukaa mbali na moto, na hilo alijifunza mwenyewe.

Si Njombe peke yake. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, familia nyingi zimewashikilia wanyama hawa kwa sababu nzito zaidi: wenye bunduki wakipita huondoka na ng'ombe na mbuzi, lakini simbilisi hufichika, hubebeka kwenye kikapu, na huzaana upesi palipobaki hata jozi moja. Chimbuko lao ni milima ya Andes, ambako wamefugwa kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Peru wanawaita cuy. Katika kanisa kuu la mji wa Cusco kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho, kazi ya Marcos Zapata ya karne ya 18, na katikati ya meza ya Bwana Yesu na mitume wake yuko mnyama mdogo wa kuchoma, kalala chali, miguu juu. Wenyeji wengi wanasema ni cuy. Binti wa Winterthur hajaonyeshwa picha hiyo, na mama yake amesema hataonyeshwa.

Kituo cha kutunza wanyama waliokosa makazi kilitaka picha ya kizimba, vipimo vyake, na maelezo ya nani atawaangalia simbilisi familia ikienda likizo. Fundi, ambaye alipopanga nyumba aliulizwa machache kuliko hayo, alijaza yote. Penye likizo aliandika "jirani", ingawa jirani mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa.

Wakapewa jike mmoja na dume mmoja aliyehasiwa. Suala la kuhasi halikuhitaji mjadala. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, watoto huzaliwa na manyoya yao na macho yamefumbuka, siku hiyo hiyo wanakimbia, na mama yao anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kujifungua. Kwa mwendo huo ile nusu mita ya mraba ingejaa kabla ya Krismasi. Dume, mwenye kitambi na mwendo wa kutokuwa na haraka, aliitwa Waziri. Jike, ambaye tangu siku ya kwanza alimfukuza Waziri kwenye kila sahani, akaitwa Shangazi.

Hesabu ndiyo iliyoleta mashaka. Simbilisi mmoja mwenye afya hutoa zaidi ya punje mia moja za kinyesi kwa siku. Hana usiku wala mchana: anasinzia dakika chache, anaamka, anakula, anasinzia tena, na tumbo lake halipumziki, kwa kuwa hei ndiyo sehemu kubwa ya mlo wake na hei lazima itoke. Zidisha mara mbili, weka na mkojo. Maranda yaliyotandazwa kizimbani yanalowa yote baada ya siku chache, na yakilowa si harufu tu. Hewa ya mkojo inawasumbua mapafu, na unyayo unaokanyaga majimaji kila siku huota vidonda ambavyo daktari wa wanyama huvitibu kwa miezi, na bili yake huja kwa wakati. Kwa hiyo maranda sharti yatolewe. Yatolewe yapelekwe wapi?

Hapo msomaji wa nyumbani anahitaji kuelezwa jambo. Katika manispaa nyingi za Uswisi, Winterthur ikiwemo, taka zinalipiwa kwa mfuko. Si mfuko wowote. Ni mfuko rasmi wa manispaa, unanunuliwa dukani, na bei yake hucheza kwenye faranga mbili kwa ule wa lita 35, kutegemea uko wapi. Zürich walianza mtindo huo mwaka 1993. Anayedhani atajificha kwa kutupa taka kwenye mfuko wa sokoni, na ajue wapo watu walioajiriwa kuufungua mfuko huo na kupekua hadi wapate bahasha yenye jina na anwani, kisha faini inamfuata nyumbani kwake kwa posta. Fundi alikuwa amezoea kujaza mfuko mmoja kwa wiki. Waziri na Shangazi walipohamia, mifuko ikaongezeka, na maranda mapya nayo yakanunuliwa. Mkewe akauliza kwa upole kama simbilisi hawa hawawezi kuanza kuchangia kodi.

Njia ya kwanza waliyoijaribu ni ya vitambaa. Wafugaji wengi wa Ulaya hutandika flisi, kile kitambaa laini cha kushonea makoti ya baridi, na chini yake taulo nzito. Mkojo unapenya, juu panabaki pakavu, punje za kinyesi zinafagiliwa kwa brashi, na kitambaa kinafuliwa na kutandikwa upya. Hakuna maranda, hakuna mfuko. Kwa maelezo ni jambo safi kabisa.

Tatizo ni kufua. Kwenye majengo mengi ya kupanga Uswisi mashine ya kufulia haiko ndani ya nyumba. Iko chini, chumba cha kufulia ni cha jengo zima, ukutani kuna kalenda, na kila mpangaji ana siku yake. Siku ikikupita, umepitwa. Jumapili kwa kawaida hakuna kufua kabisa. Ukimaliza unafuta mlango wa mashine, unasafisha kichujio, unaacha kila kitu kikavu kwa anayefuata. Sasa peleka humo flisi zenye manyoya na hei, hata kama umezikung'uta dirishani mpaka mkono ukachoka. Siku moja Fundi alikuta karatasi imebandikwa mlangoni kwake na mama wa ghorofa ya chini. Mwandiko ulikuwa mzuri, salamu ilikuwepo, shukrani ya mwishoni ilikuwepo, na katikati, kwa gundi ya karatasi, ulikuwa umebandikwa unyasi mmoja wa hei kama ushahidi.

Basi ikabidi simbilisi wafundishwe choo.

Ndugu wasomaji wanajua kwamba paka hafundishwi choo hasa. Anaonyeshwa mchanga tu, hayo mengine kazaliwa nayo. Sungura naye huchagua kona na kuishikilia. Simbilisi hana mpango huo. Anayeuza kitabu kinachoahidi simbilisi atakayekwenda msalani kila anapobanwa anakula pesa za watu. Kinachowezekana ni kidogo kuliko hapo, lakini kinatosha kuokoa mifuko: kumfanya akojoe mahali pamoja mara nyingi, na kinyesi kingi kianguke hapo hapo. Kinachobaki kinafagiliwa.

Kazi ya kwanza ni kumpeleleza mnyama anajisaidia wapi kwa hiari yake. Nesi aliichukua hiyo. Alitoka kazini na karatasi ya aina ile inayoning'inia miguuni pa kitanda cha mgonjwa, ya maji yanayoingia na maji yanayotoka, akachora ramani ya kizimba, na familia nzima ikapangiwa zamu. Mdogo mtu, aliyekuwa hataki kuwagusa, aligundua kumbe kuwachunguza kwa tochi anaweza, na akawa mkali kuliko wote. Ramani ilipojaa, alama zilikuwa zimerundikana sehemu mbili. Moja ilikuwa chini ya kichanja cha hei. Ya pili ilikuwa ndani ya kibanda cha mbao, kwenye kona ya nyuma, penye giza. Katikati ya kizimba, ambapo Fundi alitaka choo kiwe kwa kuwa panafikika kirahisi, hapakuwa na alama hata moja.

Wafugaji wenye uzoefu wasingeshangaa. Simbilisi hujisaidia anapokula, tena akiwa anakula, na anapopumzika, hasa kama ni konani na pamefunikwa. Ni mnyama anayewindwa na kila chenye kucha. Hawezi kuacha chakula na kuvuka uwanja mweupe ati kwa sababu amebanwa. Ukitaka atumie choo, usimwite aje chooni. Lipeleke jiko lake chooni.

Malezi ya Njombe yakagoma. Fundi amelelewa na mama ambaye kwake hata kopo la kunawia halikuruhusiwa kukaribia chungu. Jiko huku, choo kule, na upepo uangaliwe unavuma kutoka wapi. Bwana afya wa kata akipita na kukuta hei ya kula imening'inizwa juu ya choo angeandika notisi papo hapo, na mwenye nyumba angestahili. Lakini ndivyo inavyotakiwa, wala hakuna njia ya mkato. Mkewe alimkumbusha kwamba anayekula humo si yeye.

Choo chenyewe kilitengenezwa kwa sanduku la plastiki la kuwekea nguo chini ya kitanda. Upande mmoja Fundi aliukata ukabaki na kimo cha vidole vitatu, maana simbilisi ana miguu mifupi na tumbo linaloburuta. Ukuta mrefu hataruka, atageuka akajisaidie kwingine. Ukingo aliupiga msasa, kisha akaubana kwa mfereji mwembamba wa plastiki wa kupitishia nyaya, ule alionao siku zote kwenye begi la kazi, usije ukamchubua mnyama. Kichanja cha hei kikafungwa juu yake, kwa kimo ambacho mlaji hawezi kukifikia bila kuingiza miguu yote minne ndani. Kipande cha kazi hicho angeweza kukitolea risiti.

Ndani ya sanduku hawakuweka maranda. Waliweka vijiti vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, vile ambavyo Waswisi huvichoma kwenye majiko ya kupashia nyumba joto na kuuziwa kwa mifuko ya kilo 15. Ni mbao tupu, haina gundi wala dawa, na imekaushwa kwa moto. Vikipata mkojo vinavimba na kuvunjika kuwa vumbi, kwa hiyo unaona kwa macho palipolowa, unapachota kwa koleo dogo, pengine unapaacha. Juu yake hutandazwa hei kidogo ili nyayo zisiumie. Mchanga wa paka, hasa ule unaoganda ukilowa, hautakiwi kabisa: simbilisi huonja kila kitu, na kitu kinachoganda kikilowa kitaganda tumboni. Maranda ya mwerezi nayo hayafai, pamoja na harufu yake nzuri, kwa sababu mafuta yake yanasumbua njia ya hewa. Na maranda ya manukato, yale yenye picha ya maua kwenye mfuko, yanamfurahisha mnunuzi tu.

Sehemu nyingine yote ya kizimba ilibaki na flisi, ili unyayo wa mnyama utambue tofauti ya huku na huku. Ndani ya sanduku waliacha makusudi punje kadhaa na konzi ya vijiti vilivyolowa. Hili linawashinda wengi. Mtu msafi husugua choo mpaka kinang'aa, na mnyama akifika hakuti harufu yake, anaona hapa si pale, anaanza makazi mapya upande wa pili. Nesi, ambaye kazini kwake usafi ni sheria, aliumia kuacha uchafu ule. Aliacha.

Kwenye kibanda cha giza hapakuwa na nafasi ya sanduku, kwa hiyo waliweka godoro dogo la taulo linaloondolewa kila asubuhi. Shangazi alikubali hilo godoro siku ile ile. Alilikalia, akakojoa, akalala juu yake, akaonekana kuridhika na huduma.

Kufundisha kwenyewe ni kuvizia na kulipa. Anapokojoa ndani ya sanduku, apewe kipande cha pilipili hoho hapo hapo, kabla hajasahau amefanya nini. Simbilisi, sawa na binadamu, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Anahitaji kiasi cha miligramu 10 hadi 30 kwa siku, na hoho inayo kwa wingi. Kwa hiyo tuzo na dawa ni kitu kimoja, jambo ambalo nesi alilipenda sana. Akikosea hapigwi wala hakemewi. Simbilisi akikemewa hafahamu kosa. Anafahamu kuwa ameonwa na adui, anaganda au anatimka, na katika kutimka huko anaacha punje nyingine kumi.

Kwamba hawana akili ni uzushi. Wanajifunza upesi, hasa palipo na chakula. Mlango wa friji ukifunguliwa tu, wawili hao hupiga mluzi mkali unaosikika hadi kwenye ngazi, na mfuko wa plastiki ukichakacha wanapanda miguu ya mbele kwenye kizimba. Waziri alielewa uhusiano wa sanduku na hoho kabla ya mwenzake. Alianza kuingia, akakaa, akatazama juu. Hakukojoa. Hakula hei. Alikaa tu, na baada ya muda akapiga mluzi kudai posho ya kikao. Binti alimlipa. Kesho yake Waziri alihudhuria vikao vingi zaidi, hadi baba mtu alipotoa waraka kwamba malipo ni kwa kazi iliyoonekana kwa macho.

Tatizo lingine la Waziri ni la heshima yake. Dume, hata aliyehasiwa, hutembea mbele ya jike akitikisa makalio polepole na kunguruma kwa sauti nzito ya chini, kisha huburuta sehemu za nyuma sakafuni ili kuacha harufu ya kwamba hapa pana mwenyewe. Huko si kujisaidia. Ni siasa, na siasa haifundishiki choo. Shangazi akichoshwa na mikutano hiyo humrushia mkojo kwa nyuma, shabaha nzuri tu, na huo nao hauhesabiwi kwenye karatasi ya nesi. Majike hufanya hivyo wakisumbuliwa. Kulijadiliwa kama iandikwe safu ya tatu, "mengineyo".

Matokeo yalikuja taratibu. Mkojo mwingi sasa unaishia kwenye vijiti au kwenye godoro, na flisi zinakaa muda mrefu zaidi kabla ya kupelekwa chini. Kinyesi kimegawanyika: sehemu kubwa iko chini ya hei, kilichobaki kinafuata miguu inakokwenda. Brashi na kizoleo bado vina kazi kila asubuhi na jioni, na mwenye zamu ni binti, kwa mkataba uliobandikwa ubavuni mwa friji. Mifuko ya manispaa imepungua, na mama wa ghorofa ya chini aliacha kubandika nyasi.

Kuna siku ya mapumziko wageni walikuja kula pilau. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja anayeheshimika sana kwa Waswahili wa upande ule, amevaa suti ya rangi ya kahawia hafifu. Aliomba kumpakata simbilisi, akakumbuka ya utotoni kwao, akapewa Shangazi. Hadithi yake ikanoga. Shangazi naye akaanza kutaharuki: anajigeuza, anauma kifungo cha koti na kukivuta, anarudi nyuma nyuma kuelekea kona ya kiwiko. Anayeishi na simbilisi anazijua dalili hizo. Maana yake ni nirudishe haraka. Binti alikuwa anaosha mikono, mdogo wake aliliona jambo zima lakini adabu ya kutomkatiza mkubwa ilimzuia. Mzee akafika mahali anasema wanyama hawa ni wasafi mno ukiwalea vizuri. Suti ilikwenda kwa dobi, na dobi wa Uswisi bei yake ni habari ya siku nyingine.

Kilichowasumbua watoto kuliko suti ni kumkuta Waziri ameinama, ameingiza kichwa katikati ya miguu yake, anatafuna. Anatafuna nini? Nesi akaeleza bila kupepesa. Simbilisi hutoa kinyesi cha aina mbili. Kile kigumu ndicho kinachofagiliwa. Cha pili ni laini, kinatoka kwenye utumbo ambamo majani yamechachushwa na vijidudu, bado kina protini na vitamini za jamii ya B, na mnyama hukipokea kwa mdomo kikitoka, hakigusi hata sakafu. Akizuiwa anadhoofika. Yaani pamoja na ramani, zamu, sanduku na waraka wa posho, kumbe kuna sehemu ya choo ambayo simbilisi mwenyewe alishaipangia matumizi. Mdogo mtu alikataa chakula cha jioni. Binti akauliza kama basi kile wanachokifagia yeye na baba ni kile kibaya, akaonekana kusikitika.

Jambo moja dogo kwa atakayejaribu. Mkojo wa simbilisi una madini ya chokaa kwa wingi, ukikauka huacha ukoga mweupe kwenye plastiki ambao sabuni haiutoi. Siki iliyochanganywa na maji inautoa ndani ya dakika chache. Weupe kidogo si ugonjwa. Damu, au mnyama anayelia akikojoa, ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo, maana mawe ya kibofu yanawapata sana. Choo cha mahali pamoja kina faida hiyo ambayo hakuna aliyeifikiria mwanzoni: kila asubuhi unaona nini kimetoka.

Habari zilifika Njombe kwa simu ya video. Fundi alisalimia, kamwene mama, shikamoo mama, akageuza simu ili bibi yao awaone simbilisi. Jamaa wote waliokuwepo walisubiri swali moja, wanaliwa lini. Bibi hakuliuliza. Alitazama sanduku, akatazama hei, akasema kumbe na huko wanakaa penye majani, kama wa hapa. Halafu akataka kujua mambo ya maana.

"Na mbolea yao mnapeleka wapi?"

"Tunaitia kwenye mfuko, mama."

"Mkulima anakuja kuuchukua?"

"Hapana, mama. Gari la taka. Tunalipia."

"Mnamlipa nani?"

"Manispaa."

Simu ilinyamaza, wakadhani mtandao umekatika. Haukuwa umekatika. Bibi alikuwa anamweleza jirani aliyekaa naye uani, kwa Kibena, kwamba kijana wake aliyesomeshwa mpaka Ulaya ananunua mfuko kwa pesa ili atupe samadi. Yeye wakati huo alikuwa ametoka kupanga foleni ya mbolea ya ruzuku kwa ajili ya mahindi, na alikuwa na maoni.

Fundi hakulala vizuri. Pembezoni mwa miji ya Uswisi kuna viwanja vidogo vya bustani vinavyokodishwa kwa wakazi wa maghorofa, kila kimoja na kibanda chake, uzio wake na sheria zake, na mama wa ghorofa ya chini anacho kimoja. Anapanda nyanya, maharage na maua. Fundi alimgongea mlango, salamu mbele, akamweleza. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna dawa yoyote waliyopewa wanyama, akauliza hei inatoka wapi, kisha akasema mavi ya simbilisi hayachomi mizizi, yanaweza kwenda moja kwa moja udongoni. Vumbi la mbao lenye mkojo lisubiri kwanza kwenye lundo la mboji. Alijua zaidi ya mkulima wa Njombe. Wakakubaliana ndoo mbili, moja ya hiki na moja ya kile, ziwekwe kwenye ngazi, atapita kuzichukua.

Ndoo zilikaa ngazini hadi barua ya msimamizi wa jengo ilipoingia. Ngazi ni njia ya kutokea wakati wa moto na hairuhusiwi kuwekwa kitu, iwe kiatu, mwavuli au ndoo. Wapangaji wote wamepewa nakala. Kwa hiyo siku hizi ndoo hukabidhiwa kwenye chumba cha kufulia, siku ya zamu ya Fundi, na mama yule ameandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa ule ule mwandiko mzuri, pembeni ya jina la Fundi: "pamoja na ndoo mbili". Bibi alipopigiwa simu kuelezwa mpango huo mpya, alitaka kujua jambo moja tu: huyo mama analipa shilingi ngapi kwa ndoo.